Mama Aliniuma kwa Sababu ya Mtori

Jumamosi, Juni, saa kumi jioni. Baridi. Ukungu umelala juu ya Njiro tangu Alhamisi na Mlima Meru hauonekani kabisa, kana kwamba kuna mtu kauhamisha.

Kwenye mkono wangu wa kulia, juu kidogo ya kifundo, kuna alama za meno. Nimezihesabu: sita juu, tano chini. Mgongoni nina michirizi mitatu ya mwiko. Meno ni ya mama. Mwiko ni wa bibi. Kuna pia jeraha la tatu, ila hilo sinalo mimi. Analo mama, na nililitia mimi.

Naandika haraka, kwa sababu nikisita nitaanza kuandika vizuri, na nikiandika vizuri nitajitetea.

Mwezi uliopita mama alifanyiwa operesheni India. Tulimwambia kila mtu, hata bibi, kwamba ni uvimbe kwenye kizazi. Si kweli. Mama alikwenda kukatwa tumbo la chakula ili mwili upungue. Walilikata sehemu kubwa wakaitoa, wakabakiza mrija mwembamba. Daktari alimwambia tumbo lake sasa lina umbo la ndizi. Siku aliyorudi mama alitusimulia huku akicheka kwa uangalifu, ameshika mishono: "Na msidhani ni mshare, ile ndefu ya kupika. Ni kindizi kisukari!"

Sababu zilikuwepo. Sukari, presha, magoti. Ofisi yao ya utalii iko ghorofa ya tatu, na alikuwa akipumzika kila ngazi ya sita. Uwongo nao ulikuwa na sababu. Upande wa baba, huko Nkoaranga, mwanamke mwenye mwili ni sifa ya nyumba nzima. Mwanamke anayesafiri kwenda kukatwa ili asile, huyo hata hawana namna ya kumwelewa.

Baba anafanya kazi mgodini Geita. Kabla hajarudi kazini aliniita mezani, akanipa karatasi ya hospitali na ufunguo wa stoo ya chakula. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii," alisema. "Mama yako atafuata utakachomwambia."

Mama alikuwa amekaa pembeni. Akasema, "Nikikuomba, usinipe. Nikilia, usinipe. Hata nikikupiga, Aika, usinipe."

Mimi ni mtu ambaye darasani najua jibu na sinyooshi mkono. Dukani nanyamaza mpaka watu watatu waliokuja nyuma yangu wamalize kununua. Hakuna aliyewahi kunipa mamlaka juu ya kitu chochote. Niliichukua ile karatasi kama mtu aliyepewa nchi.

Niliinakili yote kwenye daftari, nikapiga mistari kwa rula na penseli. Wiki ya kwanza: maji na supu iliyochujwa. Ya pili na ya tatu: maziwa, mtindi, uji mwepesi. Ya nne: vyakula laini vilivyopondwa. Anywe kidogo kidogo kutwa nzima, asichanganye maji na chakula, akihisi kifua kimebana aache hapo hapo. Chini kulikuwa na maelezo marefu kuhusu njaa. Yalisema iko njaa ya tumbo na iko njaa ya kichwa, na kwamba ya kichwa itamwambia mgonjwa mambo mengi ili apate chakula. Nilipigia mstari mwekundu hapo.

Tangu siku hiyo kila alichosema mama nilikipima kwa ule mstari mwekundu.

"Aika, mbona kule India nilishaanza kunywa maziwa?" aliniuliza siku ya kwanza, akiangalia kikombe cha supu isiyo na hata kipande ndani yake.

Nilimwonyesha daftari. Wiki ya kwanza, supu. Akaangalia safu zangu zilizonyooka, akanywa.

Sikujua kama njaa inaweza kumgeuza mtu hivi. Mama yangu ni mzee wa usharika kanisani. Ni mtu anayemwomba radhi paka akimkanyaga. Wiki ya pili tangazo la kuku wa kukaanga lilipita kwenye televisheni, akalirushia rimoti hadi kioo kikapata ufa. Siku nyingine jirani alikuwa anakaanga vitunguu, harufu ikaingia dirishani. Mama alisimama, akatembea hadi mlango wa stoo, akaupiga ngumi. Mara ya kwanza nilidhani amejikwaa. Kisha akapiga tena, na tena, bila kusema neno, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka na damu ikabaki kwenye rangi nyeupe ya mlango.

Nilimfunga bandeji. Halafu nilikwenda chumbani nikaandika kwenye daftari: *Jumatano. Njaa ya kichwa, kali.*

Kwa mwandiko mzuri.

Wiki hii alinipiga kofi kwa sababu niliweka kijiko mezani kwa kelele. Niliandika hilo pia.

Juzi Alhamisi bibi akafika. Bibi ni mama yake baba. Alishuka kwenye gari la jirani yake na mkungu wa mshare, nusu ya mbuzi kwenye ndoo, na sufuria yake mwenyewe, kwa sababu haamini sufuria za mjini.

"Shikamoo mama," mama alisema kutoka kitandani.

Bibi alimtazama shingo, akamtazama mikono. "Marahaba. Mama Aika, wamekumaliza. Wamekumaliza kabisa! Uvimbe gani huu unaondoka na nyama yote ya mtu?"

Kwa bibi, mwanamke aliyepasuliwa kizazi ni sawa na mzazi aliyejifungua, na mzazi anapikiwa mtori na mama mkwe wake. Ndivyo alivyomlisha mama nilipozaliwa, miezi mitatu. Ndizi zinachemshwa na nyama mpaka zinalainika, zinapondwa kwa mwiko hadi zinakuwa laini kama uji mzito, mafuta yanametameta juu. Na bakuli la mzazi halirudi jikoni likiwa na kitu. Likirudi, maana yake ni kwamba mzazi amekikataa kilichopikwa na aliyekipika.

Mimi, msomi wa nyumba, nikapata ufumbuzi.

Nilimwambia bibi kwamba mama anaona aibu kula mbele ya watu tangu augue, kwa hiyo nitamlisha mimi, mlango ukiwa umefungwa. Bibi alikubali. Kila alipoleta bakuli nililipokea kwa mikono miwili, nikafunga mlango, nikaingia choo cha chumbani, nikamwaga mtori wote, nikavuta maji. Kisha nikatoka na bakuli tupu. Bibi alilishika, akaliangalia, akatabasamu. "Amekula! Si nilisema?"

Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi, mchana, jioni. Mara nne.

Mara zote nne mama alikuwa kitandani, mita mbili kutoka mlango wa choo, akisikiliza.

Leo asubuhi ilikuwa mara ya tano. Bibi alileta bakuli, likatoa mvuke, akaondoka kwenda kupepeta mchele uani. Nilifunga mlango. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mbele ya choo. Gauni la kulalia lilikuwa likimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

"Nipe," alisema.

"Mama, bado. Wiki ya nne inaanza Jumatatu. Zimebaki siku mbili tu."

"Aika, nina njaa."

"Ni ya kichwa, mama."

Nililisema hilo kwa upole. Nataka iandikwe kwamba nililisema kwa upole, kwa sababu nadhani upole wangu ndio uliomtia wazimu. Alinyakua bakuli kwa mikono miwili, akaliinua, akatia mdomo ndani kama ndama. Mtori wa moto ulimwagika kidevuni, ukamchuruzika shingoni. Hakujali. Nilishika ukingo wa bakuli nikavuta. Tukavutana, mimi na mama yangu, bila kelele, kwa sababu sote wawili tulikuwa tunamwogopa bibi. Nilisikia pumzi yake tu. Kisha akaliachia bakuli kwa mkono mmoja, akaukamata mkono wangu, akauma.

Hakuuma kama mtu anayetisha. Aliuma kama mtu anayekula.

Nikamsukuma. Kwa mikono miwili, kifuani, kwa nguvu zangu zote.

Zamani nisingeweza kumtikisa mama. Leo aliruka. Alirudi nyuma hatua tatu bila miguu kushika chini, akazunguka akitafuta pa kushika, tumbo lake likagonga kona ya meza ya kioo, akatoa sauti niliyowahi kuisikia kwa mbuzi tu, akaanguka.

Na hapa ndipo ninapotakiwa kuwa mkweli, la sivyo hakuna sababu ya kuwa na blogu hii. Kwa muda mfupi sana, alipokuwa bado hewani, nilifurahi. Nilihisi kitu cha moto na kitamu kikipanda kutoka tumboni. Nikasema moyoni: haya.

Mama hakulia. Alijikunja kidogo, mkono mmoja umeshika tumbo. Mkono wa pili ukanyooka polepole kwenye zulia ambako mtori ulikuwa umemwagika. Akachota kwa vidole. Akatia mdomoni. Akachota tena, pamoja na nyuzi za zulia.

Bibi akafungua mlango.

Alichokiona ni hiki: mkwewe mgonjwa yuko sakafuni anakula kutoka kwenye zulia, na mjukuu wake amesimama juu yake na bakuli mkononi. Alitazama bakuli. Alitazama mlango wa choo uliokuwa wazi na rangi ya mtori wa jana iliyokauka pembeni mwa sinki la choo. Bibi hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini hilo alilisoma lote mara moja.

"Wewe mtoto," alisema. "Unamnyima mama yako chakula?"

Alikwenda jikoni akarudi na mwiko wa mtori, ule mrefu. Pigo la kwanza lilinipata mabegani nikiwa bado nafikiri nitasema nini. La pili likanipigisha magoti. La tatu sikumbuki vizuri. "Unamwaga! Chakula cha mzazi unakimwaga chooni! Nani kakutuma? Mchawi gani kakutuma?"

Nilikuwa na jibu. Ningesema maneno mawili tu, siri ingetoka na mwiko ungesimama. Nilimtazama mama. Mama alinitazama. Mtori ulikuwa kwenye kope zake.

Akafumba macho.

Aliacha nipigwe. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Nadhani hakuwa na nguvu ya kuchagua.

Bibi alipomlaza mama kitandani, nilikimbilia na simu nyuma ya simtanki la maji. Mimi ninayeandika ninachotaka kusema kwenye karatasi kabla ya kumpigia hata shangazi, nilipiga namba ya daktari wa hapa Arusha anayemfuatilia mama. Nilikuwa na hakika nimempasua ndani. Nilimwambia mama ameanguka akagonga tumbo. Akauliza kama ana homa, kama moyo unakwenda mbio, kama maumivu yanazidi. Nilikwenda, nikapima, nikarudi. Hapana, hapana, na yamepungua. Akasema basi tumwangalie, kikibadilika chochote tumpeleke hapo hapo, kisipobadilika mama amwone Jumatatu asubuhi.

Kisha akauliza, kama mtu anayejaza fomu, "Anakula nini sasa?"

"Mtindi na uji mwepesi, daktari. Yuko wiki ya tatu."

"Alipasuliwa lini?"

Nikamtajia ile Alhamisi ya mwezi uliopita.

"Hiyo ni wiki ya tano, binti. Angekuwa anakula vyakula vya kupondwa tangu wiki iliyopita. Nani anahesabu?"

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia simu mtu mzima.

Nililifungua daftari hapo hapo, nyuma ya tangi. Safu zimenyooka. Nilikuwa nimeanza Wiki ya Kwanza siku ya Jumatatu, siku ya kwanza niliyokabidhiwa kazi. Siku kumi na moja za nyuma, tangu apasuliwe kule India, sikuziandika popote. Kwangu zilikuwa siku za hospitali. Shuleni wiki ya kwanza ni ile tunayofungua, kabla ya hapo hakuna wiki, basi sikufikiri hata dakika moja. Mama alipoanza kunywa maziwa kule, mimi nilimrudisha kwenye supu ya kuchuja. Alipofika mahali pa kula mtori, uliopondwa mpaka ukalainika kama ile karatasi inavyotaka, mimi nilikuwa namwaga mtori chooni.

Alisema. Alisema siku ya kwanza kabisa.

Aliuma mkono wangu kwa sababu alikuwa na njaa ya tumbo, ya kweli, ya siku kumi. Mimi nilimsukuma nikiwa nimetoka kunywa chai na mihogo.

Sasa ungamo lingine. Zile safu nilizichora kwa penseli. Mfukoni nilikuwa na ufutio. Nilikaa pale nikifikiri ni rahisi kiasi gani: nafuta, nahesabu upya, namwambia mama daktari kasema tuanze chakula laini leo. Angenishukuru. Bibi angefurahi. Hakuna ambaye angejua, maana mimi ndiye msomi.

Nilifuta tarehe mbili.

Kisha nikasikia ndani bibi akimwambia mama, "Pole, Mama Aika, pole mwanangu," na mama akajibu kitu kwa sauti ya mtoto. Nikaingia na daftari likiwa hivyo hivyo, na tarehe mbili zimefutwa.

Nilimwambia mama yote. Nilimsomea hesabu. Bibi alikuwa jikoni akipasha mtori mwingine. Mama alihesabu kwa vidole vyake vyenye bandeji, Alhamisi hadi Alhamisi. Alipomaliza hakunipiga. Nilitamani anipige.

"Nilikwambia," alisema. "Aika, nilikwambia nina njaa."

"Ndiyo, mama."

"Sogea pale nisikuone."

Nilisogea hadi kwenye kona, nyuma ya mlango wa kabati. Ndiyo maana nilisikia yaliyofuata na sikuyaona vizuri.

Bibi aliingia na bakuli. Mama alikula. Nilisikia kijiko kikigusa bakuli, polepole sana, moja, kimya kirefu, mbili. Alipofika cha sita kijiko kikalala.

"Bado, maliza," bibi alisema. "Huyu mchawi wako hayupo."

"Nimeshiba, mama."

"Vijiko sita? Hata kuku hashibi vijiko sita."

Na mama akamwambia. Sijui alipata wapi nguvu, labda kwenye vile vijiko sita. Alisema hakukuwa na uvimbe. Alisema walimkata tumbo la chakula, na kwamba mwenyewe aliomba, alisaini. Alisema mtoto asipigwe tena, alikuwa anafuata maagizo, akakosea hesabu.

Nilisubiri bibi apige kelele. Hakupiga. Kiti kililia, akakaa.

"Nani alikucheka?" bibi aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni magoti tu."

"Magoti tunayapaka mafuta. Mtu hakati tumbo lake kwa ajili ya magoti. Kuna mtu alikutia aibu. Nitajie. Nikutane naye nimvunje huo mdomo."

"Hakuna mtu, mama."

Hapa kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika, wala humu.

Mwaka jana, siku ya wazazi, mama alikuja shuleni na keki na gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ya kiti ikapinda, akaanguka mbele ya kidato chote. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimsaidia kusimama, nikamsindikiza hadi getini, na pale getini, kwa upole wangu ule ule, nikamwambia, "Mama, muhula ujao aje baba."

Alinipa keki. Wiki iliyofuata alianza kutafuta hospitali.

Na leo, na kona ya meza tumboni, na nyuzi za zulia kwenye meno, aliulizwa jina langu mara mbili na hakulitaja.

Mama amelala sasa. Nimempima, hana homa, moyo unakwenda taratibu. Bibi yuko jikoni anasugua sufuria kwa nguvu kuliko inavyohitaji, na kila baada ya muda namsikia akiuliza ukuta, "Nani lakini? Nani?"

Anasubiri jina. Mwiko uko karibu naye.

Nikishachapisha haya, nakwenda kumpa jina.